Fremu Niliyoipenda kwa Macho

Mjukuu wangu Rukia,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Sisi hapa Malindi tu wazima. Goti la bibi yako limepoa, na ameanza tena kuniamrisha.

Waniuliza kama ununue ile fremu kubwa ya baiskeli ya mashindano, kisha ushushe kiti. Mimi nilifanya hivyo miaka ya themanini, tulipokuwa tukishindana kuzunguka uwanja wa mpira siku ya Idi. Nilinunua fremu ndefu kwa uzuri wake. Kiti nilikishusha hadi mwisho, na bado nyonga zangu ziliyumba kila nikikanyaga. Baiskeli zile pedali hazitulii gurudumu likizunguka, kwa hiyo hata kupumzisha miguu sikuweza.

Asubuhi ya shindano, rafiki yangu Kahindi, aliyenizidi kimo kwa kichwa kizima, alinitazama nikijaribu. Yake ilikuwa fupi, magoti yakigonga usukani.

"Swaleh, tubadilishane," akasema.

"Yangu ni nzuri zaidi."

"Nzuri kwa nani?"

Nikashuka. Tukabadilishana, na kiti tukakipandisha mpaka goti langu likabaki limekunjika kidogo tu pedali ikiwa chini. Kahindi alishinda kwa fremu yangu. Mimi nilikuwa wa pili, na sijawahi kwenda kasi vile.

Kwa hiyo simama kwanza fremu ikiwa katikati ya miguu yako, nyayo zote mbili chini. Bomba la juu likikugusa, mwachie mwenye miguu mirefu.

Jioni ile Kahindi alikuja kunirudishia yangu. Nilimwambia abaki nayo.

Akuombeaye heri,
Babu Swaleh