Fomu ya Kufuta Kesi Yangu na Mbarouk

Jumatatu, 4 Juni 1956
Kanzu mbili tayari, ya tatu bado shingo. Asubuhi kaja Mbarouk, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Miezi minane hatusemezani, tangu nilipomshitaki kwa mlizamu wa paa lake unaomwaga maji ya mvua mlangoni kwangu. Ijumaa anapanda meli kwenda kuhiji, hataki kuacha kesi nyuma. Mlizamu keshaugeuza. Nimefurahi mpaka nimejidunga sindano.

Jumanne, 5 Juni
Kortini, sote wawili. Karani katupatia fomu ya kufuta kesi kwa maafikiano. Nikaidaka mimi kwanza, ndimi mdai! Maisha yangu yote naandika kwa herufi za Kiarabu, mkono huanzia kulia. Nikatia saini kulia, kwa mbwembwe. Mbarouk, kwa adabu zake, akatia kushoto palipobaki. Karani kavua miwani. Kulia ni pa mdaiwa.
"Miezi minane unanshitaki mimi, Sefu," kasema Mbarouk, "leo umejishitaki mwenyewe!"
Korti nzima kicheko. Nami nimecheka. Fomu nyingine mpaka kesho. Hakimu anakaa Alhamisi tu. Ikipita hiyo, basi tena.

Jumatano, 6 Juni
Fomu ipo, Mbarouk hayupo! Kaenda Kiembe Samaki kumuaga dada yake. Nimepanda baiskeli, kwa umri huu na tumbo hili. Dada mtu kaapa hatoki mtu kabla sijala. "Nshakula, Bi Mwanakheri." Hakusikia. Sahani mbili nimekula, roho mkononi. Tukarudi baiskeli moja, kanzu ya Mbarouk ikanasa mnyororoni. Karani tumemkuta anafunga mlango. Safari hii kaweka kidole juu ya karatasi: "Hapa, Mzee Sefu. Hapa!"

Alhamisi, 7 Juni
Muhuri umegongwa! Kesi imefutwa! Hati nimeisoma mara nne. Mke wangu anasema barua zake za uchumba sikuzisoma hivyo. Kweli.

Ijumaa, 8 Juni
Meli imeondoka baada ya sala. Gatini Mbarouk kaniomba radhi kwa anayoyajua na asiyoyajua. Nami nikamuomba. Kisha kanitia mkononi ufunguo wa nyumba yake. Hana mke, hana mtoto.
"Nani anaijua kama wewe? Umeichunguza miezi minane."
Alasiri nimemfungulia madirisha, upepo upite. Nikafagia ukumbi. Nimekaa kidogo barazani kwake, kisha nikafunga.