Meli Tuliyoomba Isimlete Yohana

Temeke, Jumamosi jioni, Agosti 1957

Kusi limevuma kutwa nzima na vumbi limeingia mpaka kwenye chungu cha maharage, lakini leo sina wa kumnunia. Nimekaa barazani, daftari magotini, na mistari inakwenda upande. Mwanafunzi wangu angeniletea mwandiko huu ningempa sifuri.

Nianze tangu asubuhi, maana nikianzia mwisho nitalia tena.

Leo tulikwenda bandarini kumpokea mtu huku tukiomba asije. Mdogo wangu Yohana yuko Mombasa tangu Februari, kuruta wa jeshi la maji, na wiki hii walikuwa na mtihani wao wa mwisho. Katika barua yake ya mwezi uliopita alitueleza mambo yalivyo. Mtihani unakwisha Alhamisi. Atakayeshindwa anakabidhiwa sanduku lake na tikiti ya meli ya Ijumaa, na Jumamosi asubuhi yuko kwao. Atakayefaulu haji, anabaki kungoja kupangiwa manowari.

Kwa hiyo meli ikifika bila yeye, ni heri yetu.

Nilifuatana na Mama Saidi, jirani yetu wa ukuta mmoja. Saidi wake na Yohana waliondoka siku moja. Mama Saidi ni Mzaramo wa hapa hapa, na miezi yote hii amekuwa akinitania. "Nyie watu wa bara maji mnayanywa kwa adabu, sembuse kuyaogelea." Na ni kweli. Kwetu Ugogo maji tuliyachimba mchangani mtoni, tukayateka kwa kata, na Yohana alifika mjini ana miaka kumi hajawahi kuona maji yanayomfika kiunoni. Na mtihani wenyewe, pamoja na mafundo ya kamba na ishara za bendera na kuvuta makasia, ulikuwa na kuogelea mpaka kwenye boya na kurudi, nguo zote mwilini na viatu miguuni.

Lakini sikuwa naogopa maji peke yake. Ngoja niliandike hapa jambo ambalo hata padri sijamwambia.

Baba hakumruhusu Yohana kwenda. Mdogo wake yeye baba alichukuliwa askari wakati wa vita, akapelekwa Burma, na kilichorudi ni karatasi. Tangu hapo baba hana hamu na karatasi ya serikali. Yohana alipoileta fomu ya jeshi, baba aliisukuma kwa kiwiko, akaendelea kula. Fomu ilitaka ridhaa ya mzazi, kwa sababu Yohana ana miaka kumi na minane tu. Mdogo wangu hakulia. Alikaa nyuma ya nyumba siku mbili akifunga na kufungua mafundo kwenye kamba ya mbuzi.

Mie ndiye niliyemlea tangu mama afariki, na siku ile ya pili moyo ulinishinda. Niliichukua fomu nikaenda nayo shuleni ninakofundisha. Nikafungua kidau cha wino wa muhuri. Baba hajui kuandika, hutia dole gumba. Basi nikatia langu. Pembeni nikaandika jina lake, kwa ule mwandiko wangu mzuri wa ubaoni.

Mie huyu ninayewachapa watoto kwa kuibiana hesabu.

Yohana akaipeleka fomu, akaenda zake. Baba akajua tu kwamba kijana ameondoka kinyume cha neno lake, akaacha kulitaja jina lake. Akitaka kusema jambo linalomhusu husema "huyo". Barua zikija nilikuwa nazisoma jikoni kwa sauti kubwa, kana kwamba nawasomea masufuria, na yeye anakaa mlangoni anachonga mpini usiokwisha kuchongwa. Hakuuliza hata mara moja ni nani aliyemtilia yule kijana dole. Kila asubuhi nilingoja aulize. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa na miezi saba.

Yohana angerudi na sanduku leo, baba angeuliza. Ingekuwa haki yake. Na Yohana angeona nilimdanganyia mzazi wake bure, ili tu akashindwe mbele ya watu.

Tulifika getini saa mbili na nusu. Kulikuwa na ndugu wa makuruta wengine, wa Mtoni, wa Kinondoni, na wote tulikuwa na sura moja. Hakuna aliyemsalimu mwenzake kwa kirefu. Meli ilikuwa imeshafunga gatini, na kupitia waya wa uzio tuliiona ngazi yote tangu juu hadi chini. Chini ya ngazi walisimama makuli, na kati yao nikamwona baba.

Baba ni kuli wa bandari miaka minane sasa. Zamu yake ya leo ilikuwa ya mchana. Alitoka nyumbani alfajiri bila kunywa chai, nikadhani ana hasira. Kumbe alibadilishana zamu na mtu. Alikuwa na gunia tupu begani na hakuwa anabeba chochote. Alikuwa anaangalia ngazi.

Abiria wakaanza kushuka. Wanawake wa Unguja na vikapu vyao, Mhindi mmoja na wanawe wanne, mapadri wawili. Mama Saidi alinishika mkono akaukamua kama nguo. Kila kichwa cha kijana kilipotokea juu ya ngazi roho yangu ilipanda, na kilipokuwa si chenyewe ikashuka.

Kisha akashuka kijana mwenye sanduku jeusi la bati. Mrefu, mwembamba, uso chini. Nikaona giza. Alipofika ngazi za katikati nikatambua kwamba si Yohana na si Saidi, nikamshukuru Mungu, na papo hapo nikaona haya, kwa sababu mzee mmoja pembeni yangu alivua kofia. Alikuwa baba yake. Kijana alipotoka getini alisimama kama mshtakiwa. Mzee alilichukua sanduku akalitia begani mwake yeye mwenyewe. "Mama yako amepika," akamwambia. "Twende." Wakaondoka, na sisi tukawapisha njia. Sitamsahau mzee yule.

Ngazi ikabaki tupu. Mama Saidi akasema, "Wamekwisha?" nami nikazidi kuitazama ngazi.

Ndipo akatokea mwanamaji. Sare nyeupe pe, kofia nyeupe, anashuka ngazi bila kushika kamba. Mama Saidi alikaa chini palepale kwenye changarawe. Alidhani amekuja kuleta msiba. Mie pia nilidhani hivyo, nisijisifu. Kumbe ni mtu wa Kilwa anakwenda kwao kwa likizo, na wenzake wamempa barua za kupeleka. Alisimama getini akaanza kuita majina, polepole, kama karani wa kanisa.

"Mama Saidi wa Temeke."

"Mwalimu Yudita wa Temeke."

Niliipasua bahasha vibaya mpaka nikaichana na barua yenyewe. Nainakili hapa, maana ni fupi. "Dada, nimefaulu. Kuogelea nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni Saidi, lakini huyo hahesabiwi, alizaliwa samaki. Makasia boti yetu imewashinda wote. Jumatatu tunapandishwa manowari. Mwambie baba sikuzama."

Nilimsomea Mama Saidi yake, maana hajui kusoma, na nilipofika kwenye neno "wa kwanza" alipiga kigelegele ambacho naamini kimesikika Kigamboni. Wengine wakadakia. Askari wa getini alitaka kutukataza, kisha akaona ni kazi bure, akacheka naye. Tulikumbatiana na watu ambao saa moja nyuma hatukuwatazama usoni. Nimefurahi mara nyingi maishani, lakini furaha ya leo ilinijaa mpaka miguuni.

Nikamtafuta baba kupitia waya. Alikuwa bado pale pale. Niliinua barua juu kwa mikono miwili. Alinitazama, akaitazama barua, kisha akageuka akawaambia wenzake neno. Sikulisikia. Lakini makuli wale waliitikia kwa pamoja, wakashika kamba ya mzigo wa kwanza, na wimbo wao wa kuvutia mizigo leo ulikuwa na kelele za arusi.

Mchana nyumba ilijaa. Mama Saidi alipika pilau huku kwao na kwetu pia. Bwana Hasanali wa duka la kona alimtuma mkewe na sahani ya zelabia, kisha akaja mwenyewe kuuliza kama viatu vya mwanamaji ni vya bure. Baba alikaa katikati yao, ameoga, amevaa kanzu ya Krismasi. Mimi napita na birika la chai. Jirani mmoja akamwambia, "Mzee, kijana wako ana moyo. Na wewe una moyo zaidi kumruhusu."

Nilisimama na birika langu.

Baba akainua dole gumba lake hewani, wote walione. "Nilimtilia hili," akasema. "Mie mwenyewe. Kijana wangu alitaka bahari, ningemzuia vipi?"

Watu wakamsifu. Mie nikamwaga chai kwenye mkeka.

Walipoondoka, jua likiwa linakaribia kuzama, nilimfuata uani. Nilikuwa nimechoka kubeba. Nikapiga magoti nikamwambia yote: shule, kidau, dole, jina. Nilisema haraka haraka, kama mtoto anayetaka fimbo zake zipite.

Baba alikuwa anatoa udongo kwenye viatu. Hakuacha.

"Januari ile ile," akasema, "karani wa kuandikisha alinifuata gatini na hiyo karatasi. Akaniuliza, mzee, dole hili ni lako? Nikaliangalia. Dogo, la mtu asiyebeba kitu kizito kuliko chaki. Nikamwambia ni langu, limesinyaa kwa baridi."

"Januari, baba?"

"Jua la kukaangia samaki. Yule karani alinitazama, akafunga faili akaenda zake."

Miezi saba mimi najificha kwake, na yeye alikuwa amenificha.

"Basi ulimruhusu," nikamwambia.

"Nilikataa wewe ufungwe. Yeye nilimkasirikia, na wewe nilikukasirikia. Hamkuniuliza mara ya pili. Mngeniuliza mara ya pili, pengine ningekubali." Akakung'uta kiatu. "Pengine."

Hilo limeniuma, na naliandika ili lizidi kuniuma kidogo. Nilimwona baba kama mlango uliofungwa, sikujaribu hata kubisha tena. Nilikimbilia dirishani. Nimefurahi leo kuliko siku yoyote, na bado najua nilimnyang'anya mzee wangu nafasi ya kusema ndiyo kwa mdomo wake.

Aliniomba nimsomee barua. Nikamsomea. Pale penye "sikuzama" akaniambia nirudie, nikarudia, akaniambia nirudie tena. Kisha akavitazama viganja vyake, vile vipana vya kazi.

"Utanifundisha kuandika," akasema. "Hiyo barua ya kumjibu nataka iwe na mkono wangu. Wako nimeshauona."

Nikamwambia kesho tukitoka kanisani tutaanza, ubao mdogo ninao na chaki ninazo. Nikamwuliza angependa tuanze na jina lipi kwanza, maana wanafunzi wote huanza na la kwao.

"La Yohana," akasema baba.

Nimelisikia jina hilo kinywani mwake leo, kwa mara ya kwanza tangu Februari.