Pawa Saplai ya Mfuga Kuku

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Salamu tele kwako, kwa shemeji na kwa mwanao, bwana harusi wetu. Natumaini goti lako limeacha kukusumbua na wote mnaamka salama. Hapa kwetu mwanangu mzima, paka mzima, hata jirani yangu mwenye mdomo naye mzima. Habari zangu mimi nimeziweka mwishoni kwa makusudi, pamoja na jibu la ombi lako kwamba nije kusimamia jiko la harusi. Usirukie huko, soma kwa utaratibu kama mtu mzima.

Kwanza binti yetu. Pale karakana anakojifunza kutengeneza vifaa vya umeme sasa wanamwita Bisibisi, maana hata akila iko mfukoni. Juzi nilimpelekea chakula, kwa hiyo haya sikusimuliwa, niliyaona kwa macho yangu. Karakana iko ghorofani, nikawa nimekaa kwenye kibao cha mlangoni natafuta pumzi, mara akaingia mfuga kuku amekumbatia pawa saplai yake kama mtoto mwenye homa. Ni lile boksi linalochukua umeme wa ukutani na kuutoa ukiwa DC, kama wa betri, volti kumi na mbili, kuendesha feni na taa za mashine ya kutotolea vifaranga. Fundi mkuu alikuwa ameshalipima, mita ikasoma kumi na mbili, akalirudisha akisema halina neno. Kufika nyumbani, feni inajikokota na taa zimefifia vile vile. Sasa mzee anafoka kwamba mayai yakipoa atayaleta hapo hapo, fundi mkuu ayakaange mwenyewe.

Mwanangu akaomba alitazame yeye. Fyuzi nzima, waya haujakatika, mita kumi na mbili. Fundi mkuu akamuuliza, si nilisema?  Bisibisi akachukua taa kuukuu ya gari, akaiunganisha kwenye boksi. Papo hapo mita ikaporomoka hadi saba, boksi likaanza kunguruma. Akasema, bila hata kuinua kichwa, kwamba kitu kisichobebeshwa chochote husoma vizuri tu. Kipimeni kikiwa na mzigo. Akachomoa waya ukutani, akasubiri umeme uliobaki ndani uishe, kisha akatuonyesha kapasita, ile kama kikopo inayotuliza umeme, imevimba kichwani. Akalehemu mpya, akarudisha taa: kumi na mbili, na haikutikisika. Fundi mkuu akacheka, akatangaza kwamba tangu leo hakitoki kitu mlangoni bila kuibeba taa ile. Mfuga kuku akaapa kifaranga wa kwanza ataitwa Bisibisi. Mdogo wangu, nilijiona kama nimemzaa mara ya pili.

Ila wakati wote huo, kila alipoinua macho alikuwa ananitazama mimi pale kwenye kibao.

Jioni nyumbani akaniuliza hali yangu. Nikamjibu mzima, kama ninavyokuandikia wewe siku zote. Hakubishana. Aliniambia nipandishe ndoo ya maji ngazini, naye akafuatana nami ameshika kifundo cha mkono wangu, akihesabu mapigo. Nikamwambia mimi si pawa saplai. Akasema afadhali ningekuwa, angejua pa kufungua. Sikufika juu. Nilikaa katikati ya ngazi, yeye akaipokea ndoo, na asubuhi tukawa hospitali. Daktari amesema moyo wangu umepanuka.  Dawa nameza, chumvi nimepunguza, kubeba vitu vizito nimekatazwa kabisa.

Usinikasirikie. Sikukudanganya. Kila ulipoandika kuniuliza hali, nilikujibu nikiwa nimekaa, na nikikaa mimi ni mzima kweli.

Harusini nitakuja, daktari ameruhusu. Niwekee kiti karibu na jiko, nionje na kugombeza watu, kazi ninayoiweza kuliko ukoo mzima. Masufuria wabebe wengine. Bisibisi atakuja nami. Na wewe, akikuuliza kuhusu goti, usithubutu kumjibu limepona huku umekaa, atakutafutia ngazi.

Mbusu bwana harusi, hata kama anaona haya. Mwambie shemeji namkumbuka.

Ni mimi dada yako,
Mama Bisibisi