Mkeka Kando ya Mtaro

Jumatatu, tarehe 5 Mei

Grisi nimepaka, mafuta nimeangalia, nimepanda. Baridi ya asubuhi, vumbi la Kampemba puani. Mkono wa traktopeli, mashine ya kuchimbia, bado unarukaruka. Navuta vijiti kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Nusu ya udongo imerudi mtaroni.

Papa Ngoy, anayenifundisha, hagombezi. Anasema rudia. Upole wake unanichosha. Angepiga kelele ningesikia vizuri zaidi.

Ijumaa mkubwa wa kazi atakuja kunipima. Nikifaulu, mashine ni yangu, na Papa Ngoy atakwenda kupumzika kwa mke wake huko Kambove. Nikishindwa, narudi kushika bendera nyekundu barabarani na kutukanwa na madereva. Sirudi.

Jumanne, tarehe 6 Mei

Leo vidole vimeelewa. Kuinua, kuzungusha, kumwaga, vyote kwa mwendo mmoja, ndoo imetulia. Tumechimba, tumelaza bomba, tumefukia hadi karibu na kona. Nimejisikia mkubwa kuliko mashine yenyewe.

Papa Ngoy hakunisifu. Ana wimbo wake mmoja: ile miguu miwili ya chuma inayoshikilia mashine wakati wa kuchimba. Ikae kwenye udongo mgumu, na ubao chini yake. Kila siku hilo hilo.

"Vijiti utajua tu," aliniambia. "Miguu ya mashini njo itauwa muntu."

Nilicheka. Mzee wa watu.

Jumatano, tarehe 7 Mei

Mafuta yamekwisha. Tumekaa bure siku nzima. Nimechimba hewa kwa mikono, wenzangu wakanicheka.

Alhamisi, tarehe 8 Mei

Sijui niandike vipi.

Tumekuta kilio pale pale kwenye kazi. Mzee mmoja wa reli, amekufa usiku. Matawi barabarani kuonyesha kuna msiba, turubai, watu wamejaa mpaka ukingoni mwa mtaro. Mkubwa akapiga simu: kazi iendelee. Papa Ngoy akavua kofia, akaenda kutoa pole. Mimi nikabaki kuiweka mashine.

Mguu wa kushoto ulitakiwa kushukia alipoketi mama mmoja mzee, dada wa marehemu, juu ya mkeka, kichwa mikononi. Mimi ni nani nimwinue mfiwa? Niliona haya. Nikasogeza mashine, nikauteremsha mguu kwenye udongo tuliofukia juzi. Bila ubao, maana ubao ungegusa mkeka wake.

Papa Ngoy aliporudi hakuangalia chini. Aliniamini. Akasimama kuniongoza kwa mikono, karibu kuliko kawaida, kwa sababu nyuma yake watu walikuwa wamejaa.

Ndoo ya kwanza, sawa. Ya pili, udongo ukadidimia, mashine ikalalia kushoto. Ningeachia vijiti, mkono ungesimama. Nikavikumbatia. Mkono ukazunguka ukampiga Papa Ngoy kwenye nyonga.

Hakulia. Wafiwa ndio walioacha maiti yao wakamlaza kwenye godoro la kilio na kumpakia garini. Mimi nilikuwa bado kwenye kiti, injini inanguruma. Mtu mwingine aliizima.

Ijumaa, tarehe 9 Mei

Hakuna kupimwa. Nyonga imevunjika.

Mke wake amefika kutoka Kambove. Alinisalimia kwa heshima, akaniuliza kama nimekula. Afadhali angenipiga kofi.

Jumapili, tarehe 11 Mei

Baada ya misa nimekwenda kwenye kilio. Yule mama bado yuko kwenye mkeka wake. Nilipiga magoti, nikamweleza yote: mguu wa mashine, haya yangu, udongo laini. Nilidhani nitajisikia mwepesi.

"Ungesema tu, mutoto yangu," alisema. "Ningesogea."

Basi. Nimelia njia nzima mpaka nyumbani, na watu wakanipa pole wakidhani nimefiwa.

Alhamisi, tarehe 22 Mei

Daktari amesema Papa Ngoy baadaye atatembea kwa magongo. Kukanyaga pedali, hapana tena. Mkubwa amenipa mashine. Hakunipima, hana mtu mwingine.

Nilikwenda hospitali kumwambia Papa Ngoy, nikiomba moyoni akatae. Alisema nichukue, kisha akageukia ukutani. Atakwenda Kambove, ndiyo, lakini kwa kubebwa. Nilichokitaka nimekipata, na sikitaki.

Jumatatu, tarehe 26 Mei

Avenyu nyingine. Hakuna aliyeniongoza.

Mguu wa kulia ulitakiwa kushukia kwenye meza ya mama anayeuza mihogo na karanga. Nilishuka, nikamwomba asogee. Alibeba meza yake, akaisogeza, akaendelea kumpimia mteja karanga. Hakuniuliza hata sababu.

Nikatandika ubao pale meza ilipokuwa, nikateremsha mguu juu yake na kurudi kazini.