Nimekalia Maji ya Mvua Magu

Marahaba Kabula, ingawa shikamoo yako sijaisikia. Tangu mjomba wako ahamie huku Magu hujakanyaga! Una miguu au mapambo?

Jana asubuhi, katikati ya kipupwe hiki cha baridi na vumbi, mvua ilitushukia ghafla! Maji yaliteremka majabalini kama ng'ombe waliofunguliwa zizini, yakafuata mtaro tuliouchimba kwenda kwenye bwawa la kumwagilia migomba. Mara tuta la kando ya mtaro likabomoka, maji yakageukia barabarani. Migomba ilikuwa inakufa kwa kiu, na mvua nyingine labda vuli. Jembe lilikuwa ndani. Nikakaa mwenyewe kwenye lile pengo, puu!

"Mama, toka, utapata kichomi!" mke wa mjomba wako akapiga kelele.

"Kichomi baadaye! Lete udongo!"

Akaja anacheka hadi machozi, akanizungushia udongo kama mche. Bwawa limejaa, mjukuu wangu, limejaa pomoni! Nilitetemeka hadi jioni, lakini migomba imepona.

Nakupenda, mvivu wewe. Ukija niletee sweta nene la mitumba, nawe uvae nguo za kuchafuka, maana pengo likitokea tena utalikalia wewe. Umejaliwa kuliko mimi.

Bibi yako