Tochi niliyommulikia shangazi

Weee, uko wapi?? Leo hospitali nusura shangazi aambiwe anapofuka, kisa mimi!

Si unajua anavyojigonga giza likiingia? Basi wamempima umeme wa macho. Anabandikwa vijiwaya, anakaa gizani nusu saa ili seli fimbo, zile za kuonea gizani, ziamke. Kisha wanammulika kidogo tu waone kama zinajibu.

Daktari akatoka, akatuacha. Mimi na giza na simu!! Nikawasha tochi chini ya kidevu, nikatoa meno kama zimwi, halafu nikamgeuzia machoni. Akapiga yowe, tukacheka weee, tochi bado inawaka.

Daktari karudi, kapima, mstari kwenye skrini umelala. Umelala kabisa! Akawasha taa, akapima seli koni za mchana, hizo zikajibu vizuri.

"Mama, seli zako za gizani hazijibu."

"Ndiyo napofuka?" Sauti ilivyotetemeka, kicheko chote kilinikauka.

Miaka yangu miwili ya chuo cha uuguzi ikaniambia palepale kuwa tochi ndiyo imezizima.

"Daktari, ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

Nikasema yote. 

Tukarudia giza nusu saa, simu yangu kwa daktari, sikio langu mkononi mwa shangazi. Mstari ukapanda! Ukapanda, nakwambia!

"Ziko salama, mama. Unahitaji miwani tu."

Shangazi: "Na huyu, dawa yake mnayo?"

Daktari: "Hapa tunatibu macho tu."