Paka Hakukuhama, Papa

Mpendwa papa,

Ninapoandika haya Metisi amelala kwenye kiti chako, upande wa dirisha la ziwani, na manyoya yake meupe yametapakaa juu ya kile kitambaa ulichokuwa ukitukataza kukigusa. Simfukuzi. Nimekosa haki ya kumfukuza paka huyu mahali popote, na sababu yake ndiyo inayonifanya nikuandikie leo, miezi saba baada ya kukuzika. Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hai.

Niache nianze mbali kidogo. Hata wewe ulipotaka kutugombeza, ulianza kwa kuuliza kama tumekula.

Unakumbuka siku alipofika? Ulikuwa umestaafu ualimu, unamfundisha Kiswahili yule daktari mgeni wa Muhumba, na muda wake Bukavu ulipokwisha akakuletea kikapu chenye kifuniko. Nilitarajia chupa ya divai. Ndani kulikuwa na kitu kidogo cheupe, manyoya matupu, kinapiga kelele kama mlango usiotiwa mafuta. Mama yake alikuwa paka wa daktari, wa nywele ndefu, aliyekuja naye kwa ndege. Baba yake, ulisema, "iko muhuni moja wa hapa mu quartier," yaani wa mtaa wetu. Kwa baba alirithi miguu ya kuruka kuta, kwa mama akarithi manyoya na dharau. Jicho moja lilikuwa la bluu, la pili rangi ya asali. Majirani wakamwita Metisi, yaani chotara. Jina ulilipokea, ila ukaliongezea heshima: Mademoiselle Metisi. Sisi binti zako watatu hukuwahi kutuita mademoiselle hata siku ya harusi.

Na mimi niliyebaki nawe nyumbani nilikuwa shahidi wa maajabu. Mwalimu aliyetuchapa fimbo kwa kosa moja la hesabu, sasa anamwomba paka radhi kwa kumkanyaga mkia! Manyoya yale yalitaka kuchanwa kila siku, la sivyo yanashikana mafundo. Kila asubuhi baada ya chai ulikaa barazani na kitana cha marehemu mama, ukaanza na tumbo, mahali anapochukia, ili shida iishe mapema. Nywele zilizotoka ulizitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Nilipouliza ni za nini, ukasema utanishonea muto wa kulalia. Ni wewe uliyegundua kwamba sikio lake moja halisikii.

"Umuite ku upande ya jicho ya asali," ulinifundisha. "Ku ile ya bluu hasikie kitu. Usimulaumu juu ya sikio yenye haitumike."

Tulicheka sana katika nyumba hii, papa. Nataka ujue kwamba nilimpenda, hata nilipokuwa nalalamika kwamba nywele zake zimeingia kwenye bugali.

Halafu kulikuwa na hadithi yako ya siku za mvua. Mabati yakianza kulia, ulitusimulia jinsi mama yako alivyougua kule Walungu, na jinsi paka wake, aliyekaa naye miaka, alivyotoka nyumbani asubuhi moja asirudi. Siku ya tatu mkamzika mama yako. "Mimi niko mwalimu, siamini mambo ya vile," ulimalizia kila mara. "Lakini paka inaona." Niliisikia hadithi hiyo tangu sijaota meno ya mbele. Ningeweza kuisimulia usingizini.

Ndipo moyo wako ukachoka. Miguu ikavimba, ukawa unapumzika kati ya kitanda na choo. Daktari wa hospitali akasema ulazwe huko wiki kadhaa, wakutoe maji yaliyojaa mwilini na kukupangia dawa. Ulikubali. Uliniambia hata ni kitabu gani nikufungie. Tukawa tunangoja kitanda kipatikane, na Metisi akahamia kifuani mwako, akalala hapo kutwa.

Wamama wa shirika letu la kanisani walikuja Jumatano kukuombea. Walipofika katikati ya rozari, Metisi aliinuka juu yako, akajinyoosha, akawatazama mmoja mmoja kwa yale macho yake. Maman Jeanne, anayeongoza sala, alinivuta mpaka jikoni.

"Nsimire, ile haiko paka. Jicho moja ya huku, jicho ingine ya kule. Papa yako atapona namna gani na kitu ya vile ku kifua?"

Wiki iliyofuata hawakuja. Wala ile nyingine.

Nitasema wazi, papa, maana uwongo umenichosha: sikuogopa uchawi. Niliogopa macho ya watu. Unajua mtaa wetu. Nyumba ya mgonjwa isiyosikika nyimbo, watu huanza kuuliza mgonjwa huyo alifanya nini. Nilitaka kuonekana binti anayemuuguza baba yake vizuri, salon ya nyumbani imejaa wamama, viti vimeazimwa kwa jirani. Kwa ajili ya viti hivyo, Ijumaa moja ulipolala mchana, nilimtoa Metisi kifuani mwako, nikamtia kwenye kile kikapu chake cha zamani, nikapanda gari la kwenda Kavumu, nje ya mji. Hakupigana nami. Aliniamini.

Mama mudogo, yule mdogo wa marehemu mama anayeuza maharagwe pale Kavumu, alifurahi kupata paka wa depo, ghala lake la magunia. Akamfunga kamba shingoni, ncha ya pili kwenye mguu wa meza, kama wafanyavyo wote wenye depo ili paka asitoroke kabla hajazoea panya wa hapo. Nilisimama nikatazama. Nikakumbuka wewe ukipita sokoni Kadutu na kunung'unika: "Paka ya kufunga kamba iko mbuzi." Nikakumbuka, na bado nikapanda gari la kurudi.

Nilikukuta umeamka, mkono wako unapapasa blanketi.

"Mademoiselle iko wapi?"

"Sijue, papa. Nilifungua mulango, akatoka. Hajarudia."

"Yeye mwenyewe?"

"Yeye mwenyewe."

Mimi nikashukuru Mungu kwamba sikugombezwa. Naapa, hadithi ya mama yako haikunipitia kichwani hata kidogo. Mwongo hufikiria ngozi yake kwanza. Nilienda jikoni kuwasha makaa nikijiona mjanja.

Kila jioni ulinituma niweke vichwa vya sambaza, vile visamaki vya ziwani, kwenye kizingiti, pengine atarudi. Niliviweka, nikijua watakaovila ni kuku wa jirani. Siku ya nne hukunituma tena. Jumatatu walipopiga simu kwamba kitanda kimepatikana, uligeuza uso ukutani.

"Muniache hapa. Paka imeshaona."

Hapo ndipo hadithi ya Walungu iliponirudia yote, na mvua yake na mabati yake.

Ulisema nikupigie pasi koti la kijivu. Nilikuwa na pasi ya makaa mkononi, na salon ilikuwa imejaa. Ndiyo, wamama walikuwa wamerudi, wanaimba sauti tatu, Maman Jeanne mbele. Nilikuwa nimepata nilichotaka. Kilichobaki ni kuweka pasi chini, kuingia, na kusema: papa, iko Kavumu, ni mimi niliipeleka, kesho nitakuletea. Maneno hayo hayafiki hata nusu dakika. Nilifika mlangoni kwako. Wamama wakapunguza sauti, wakanigeukia. Wewe ukafungua macho.

"Sema."

"Ninauliza shati gani, papa."

"Ile yenye mama yako alipenda."

Wiki mbili baadaye tulikuvalisha hilo shati.

Tulipomaliza matanga nilienda Kavumu, sikumwambia mtu. Nilimkuta kati ya magunia, weupe wake umegeuka rangi ya barabara, manyoya yamegandamana kama mkeka uliolowa. Kamba ilikuwa imemla shingo pande zote.

"Iko na kichwa nguvu," mama mudogo akalalamika. "Ninaiita, haigeuke."

"Unaiita upande gani?"

Alinishangaa. Nikazunguka upande wa jicho la asali, nikamwita kama ulivyomwita. Mademoiselle. Aligeuka, papa. Nikalia mbele ya wanunuzi wa maharagwe, na mama mudogo akadhani ni kwa ajili yako tu.

Mafundo yale hayakuchanika. Nilikaa juma zima na mkasi, barazani, nikiyakata moja moja, naye akawa mwembamba na mwenye aibu kama kondoo aliyenyolewa. Sasa yameota tena, isipokuwa pale shingoni. Siku ya kwanza alikwenda moja kwa moja kitandani kwako, akanusa godoro lote, akakaa katikati. Hakula mpaka siku ya pili. Maman Jeanne alipomwona dirishani akageuza njia, na shirika haliji tena kusali hapa. Ajabu ni kwamba sijali. Laiti ningaliacha kujali mapema.

Nilimuuliza daktari kama hospitali ingekuponya. Akasema, "Pengine." Naishi na neno hilo. Padri alinisikiliza kwenye kitubio, akanipa rozari moja ya malipizi, nikaisali mara nyingi kuliko alivyosema. Lakini Padri hakuwa kwenye kitanda kile, uso ukutani. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Kavumu na kurudi, na mwisho wake bado siuoni.

Kinachonila zaidi si hata hiyo "pengine." Ni kwamba ulikufa ukiamini umeachwa. Wiki mbili na zaidi ulilala pale ukidhani kiumbe uliyemchana kila asubuhi alikutazama, akaona mauti, akachukua njia yake. Hakukuhama, papa. Angekaa kifuani mwako mpaka pumzi ya mwisho, na hata baada yake tungemwondoa kwa nguvu. Ulikuwa sahihi kwamba paka huona. Ila siku ile hakuona kifo chako. Aliniona mimi, mtoto wako, nikifunga kifuniko cha kikapu.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba tu ulijue, ulale ukiwa umelijua. Kopo la maziwa limejaa, na nimenunua kitambaa cha muto. Kila asubuhi, kabla sijaanza na tumbo, nazunguka upande wa jicho la asali na kumwambia yeye ukweli huu ambao wewe sikukuambia. Anasikiliza, halafu ananyoosha shingo nimchane, taratibu, pale palipokuwa na kamba.

Pumzika, mwalimu.

Mimi kitinda mimba wako,
Nsimire